Maua ya Malkia, Bili Yetu

Tarehe 10 Februari 1840, malkia wa Uingereza mwenye miaka 20 aliolewa London akiwa na gauni jeupe na shada la maua ya mchungwa kichwani. Taji alikuwa nalo, ila siku hiyo alichagua maua. Miaka 18 baadaye John Hanning Speke alifika kwenye maji ambayo Wajaluo huyaita Nam Lolwe na Waganda Nalubaale, akayabandika jina la huyo huyo Victoria. Kwa hiyo huyu mama alituachia vitu viwili: jina la ziwa, na bajeti ya maua.

Kaa kwenye kamati yoyote ya harusi Kisumu uone. Maua ya kanisani, maua ya meza, ya magari, ya kifuani kwa wasimamizi, shada la bibi harusi. Na anayethubutu kuuliza "lazima?" anaangaliwa kama mchoyo.

Jambo moja ambalo kamati haiambiwi: hata Waingereza wenyewe waliona gharama ni noma. Maua halisi ya mchungwa yana msimu na hunyauka haraka, basi wanawake wengi wa zama hizo walivaa ya nta. Kwa hiyo maua bandia yana historia ndefu kama gauni jeupe lenyewe. Si ushamba.

Huku kwetu harusi haikuwahi kusimama juu ya maua. Kwa Wajaluo ilisimama juu ya ng'ombe. Kule Pwani maua yalikuwepo, lakini yalikuwa na kazi: asumini na mrehani vilifungwa kuwa kikuba ili bibi harusi anukie. Wahindi waliofuata reli hadi Kisumu nao walikuja na desturi ya bwana na bibi harusi kuvishana mashada. Kote huko ua lilichumwa karibu, likatumika siku hiyo, basi.

Na reli yenyewe? Wapimaji wa miaka ya mwanzo ya 1890 walilenga Port Victoria, kule Bunyala. Baadaye mpango ukageuka, na Desemba 1901 reli ikafika ziwani Port Florence, Kisumu ya leo, mji uliopewa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Florence kwa asili ya Kilatini ni "inayochanua". Port Victoria ikabaki mji wa wavuvi.

Ndiyo maana ukifunga ndoa Port Victoria leo, waridi lako limetoka mbali, mara nyingi upande wa Naivasha. Mashamba makubwa ya kule yalianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya soko la Ulaya. Waridi limelimwa Kenya, lakini linagombaniwa na mnunuzi wa Uholanzi. Ukiweka harusi katikati ya Februari, unashindana na Valentine ya dunia nzima.

Ziwa lina somo lake pia. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, likasambazwa duniani kwa sababu ua lake la zambarau ni zuri. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 likaenea ziwani, na katika miaka ya 1990 mashua zikakwama ndani yake. Uzuri unaweza kuletwa bila mtu kuuliza nani atalipa.

Binamu yangu, mvuvi, anaoa Desemba. Makadirio ya maua yamefikia bei ya nyavu mpya za omena, na zake zimechakaa. Mchumba wake amesema wakate bogenvilia za kwenye ua wa nyanya yake. Ile rangi yake si petali, ni majani, ndiyo maana hata ikikauka inabaki kama karatasi. Wakopeshwe vyungu vya mimea na majirani, maua ya altare yahamishiwe meza kuu baada ya ibada, na shada la mkononi tu ndilo linunuliwe. Mama mkwe anasema watu watacheka.

Labda watacheka. Lakini Jumatatu waridi litakuwa limenyauka, na omena watahitaji nyavu. Mimi kura yangu ni kwa bogenvilia.