Gitega na Muyinga: Tunachokipenda Kwetu



Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa hapa kambini, aliniuliza: "Mwalimu, huko kwetu watu wanapenda nini?" Nilimjibu kwa historia.

Mtu wa Gitega atakutajia ngoma kwanza. Karibu na mji kuna kilima cha Gishora, palipokuwa na makao ya Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma, na pia ni ufalme. Kwa hiyo haikupigwa ovyo. Ilisikika katika sherehe ya umuganuro, wakati wa kupanda mtama. Mwaka 1966 ufalme ulifutwa, ngoma zikabaki. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza uchezaji wake katika orodha ya urithi wa binadamu.

Mtu wa Muyinga hana mambo ya wafalme. Yeye atakusifia barabara inayokwenda Kobero, mpakani. Ng'ambo ni Kabanga, wilayani Ngara. Malori ya Dar es Salaam hupita hapo, na Kiswahili chetu cha sokoni kimenolewa hapo. Wengi walikimbia kwa njia hiyo mwaka 1993, na tena 2015. Wapo wasiotaka hata kuisikia ikitajwa. Mimi naipenda bado, maana sijui nyingine ya kurudia.

Mtoto akauliza ni mbali gani kutoka Kobero hadi Gitega. Tulichukua rula, tukapima kwenye ramani ya darasani. Ni ya zamani: mji mkuu bado ni Bujumbura, wakati Gitega imeshika nafasi hiyo tangu 2019. Alifuta kwa kidole, akaandika upya kwa penseli.