Anaolewa au anakufa?

Hivi karibuni nilikuwa Saza, kule kwenye machimbo ya dhahabu ya wilaya ya Songwe. Jioni nimekaa nje ya gesti, nasoma kwenye simu riwaya ya mapenzi, zile zinazouzwa vipande vipande kwa WhatsApp. Wahasibu wawili waliwahi kupendana wakaachana. Miaka imepita, wanajikuta ofisi moja, na majivu yanaanza kufuka tena. Dada wa mapokezi akachungulia, akauliza: "Kaka, huyo mwanamke mwisho anaolewa au anakufa?"

Nilicheka. Usiku nikagundua kwamba swali lake lina historia ndefu.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mabenki na makampuni makubwa yalitaifishwa, na kazi ya ofisini Dar ikawa ndoto ya vijana wengi. Wasichana waliosoma nao wakaja mjini kutafuta ukarani na kazi ya kupiga taipu. Mwanamke mwenye mshahara wake akawatia watu kiwewe. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, kupiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Kariakoo wanawake walishambuliwa kwa sababu ya mavazi tu.

Kiwewe hicho kikaingia vitabuni. Miaka ya 1970 na 1980 vijana wa Dar kama Hammie Rajab na Kajubi Mukajanga waliandika riwaya nyembamba za mjini. Wengine walizichapisha wenyewe kwa pesa za kuungaunga na kuzitembeza mkononi. Kassim Kassam aliandika Shuga Dedi, jina linajieleza. Mara nyingi hadithi ni ile ile: kijana hana kitu, bosi anazo, msichana yuko katikati. Waandishi karibu wote walikuwa wanaume, na hofu iliyoandikwa ni yao: hofu ya kuzidiwa na mwenye gari.

Hata Euphrase Kezilahabi, ambaye si mwandishi wa vitabu vya mitaani, aliigusa sheria hiyo katika Rosa Mistika ya mwaka 1971. Rosa amekuwa mwalimu, anataka kuanza upya. Mchumba wake Charles anagundua kuwa si bikira, anamwacha, naye anajiua. Wanaume waliompitia wanaendelea na maisha yao. Kezilahabi hakushangilia kifo kile. Alikuwa anatuonyesha malezi yetu. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni.

Ndiyo maana naona hizi hadithi za siku hizi za wafanyakazi wanaopendana upya si za kudharau. Kupenda upya maana yake ni kukubali kwamba mwenzako alikuwa na maisha kabla hujarudi. Mwanaume alipewa ruhusa hiyo zamani. Mwanamke alikuwa analipa kwa roho yake.

Asubuhi nikamaliza kipande cha mwisho, nikampelekea dada jibu lake. Haolewi, wala hafi. Anapandishwa cheo, halafu anamwambia jamaa asubiri kidogo, anafikiria.

Akanyamaza. Akafuta meza mara mbili mahali pale pale.

"Nitumie na mimi," akasema.