Sehemu ya pamoja ya data

Sehemu ya pamoja ya data ni eneo la diski linalotengwa ili mifumo endeshi miwili ya kompyuta moja, mara nyingi Windows na Linux, itumie mafaili yaleyale. Kwa kuwa Windows yenyewe haisomi ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, eneo hilo kwa kawaida huwa la NTFS, inayosomwa na mifumo yote miwili. FAT32 husomwa kotekote, ila haipokei faili la GB 4 au zaidi, hivyo filamu ndefu hukwama. Usumbufu mkubwa ni uanzishaji wa haraka, ulioletwa na Windows 8 mwaka 2012: kompyuta huonekana imezimwa kumbe Windows imelala tu, na Linux ikifungua eneo hilo huruhusu kusoma bila kuandika, au hukataa kabisa. Heri kuuzima mapema.