Feriti yenye vitundu

Feriti yenye vitundu ni kauri inayovutwa na sumaku, iliyotengenezwa ikiwa na nafasi nyingi za hewa ndani yake ili iwe nyepesi. Feriti za kwanza za viwandani zilitokana na kazi ya Yogoro Kato na Takeshi Takei huko Tokyo, Japani, mwaka 1930. Feriti za kawaida hutumika katika spika, mota ndogo na antena za redio.

Utengenezaji

Oksidi ya chuma huchanganywa na oksidi za metali nyingine, kwa mfano nikeli na zinki. Mchanganyiko huchomwa, husagwa, hukandamizwa katika umbo linalotakiwa, kisha huchomwa tena kwa nyuzijoto 1,100 hadi 1,350 hivi za Selsiasi. Moto wa wazi wa wafinyanzi kwa kawaida haufiki 1,000, hivyo tanuri huhitajika. Ili kupata vitundu, unga wa mbao au maganda ya mazao huongezwa kabla ya kuchoma. Moto huyateketeza na kuacha nafasi.

Wepesi

Sentimita moja ya ujazo ya magnetiti ina gramu 5.2 hivi. Ili kipande chake kielee majini, zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake lazima iwe hewa, tena katika vitundu vilivyofungwa. Vitundu vilivyo wazi huingiza maji na kipande huzama. Hata hivyo hivyo ndivyo vinavyofaa kusafishia maji: uchafu hunasa kwenye kuta zake, na chembe hukusanywa kwa sumaku. Vitundu vikizidi, uimara na nguvu ya sumaku hupungua.

Malighafi karibu na Ziwa Nyasa

Ng'ambo ya mto Ruhuhu, wilayani Ludewa, kuna magnetiti ya Liganga. Ina titani, ambayo hupunguza nguvu ya sumaku, hivyo huhitaji kutenganishwa kwanza. Wilaya ya Mbinga ina maganda yanayobaki kahawa inapokobolewa. Pumba za mpunga pia hutoboa kauri, lakini huacha majivu mengi ya silika yasiyovutwa na sumaku.

Udongo wenye chuma ukichomwa penye hewa nyingi huwa mwekundu kwa hematiti, ambayo sumaku huivuta kidogo sana. Penye hewa haba huweza kupata magnetiti na kuwa mweusi. Rangi peke yake si ushahidi, kwa kuwa masizi pia hufanya chungu kiwe cheusi. Kipimo ni sumaku yenyewe.