Uenezi si matangazo

Popote majina ya viongozi yalipobandikwa ukutani, iwe tawi la chama cha siasa, umoja wa wanafunzi au ushirika wa wakulima, baada ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina mara nyingi yumo katibu mwenezi. Hakuna anayehitaji kuelezwa kazi yake. Yeye huhakikisha kwamba yanayofanywa na chama yanawafikia watu wasiokuwapo mkutanini. Kazi hiyo Waingereza huiita "publicity". Sisi tunayo istilahi yake, uenezi, nayo imetumika miaka mingi katika siasa: chama cha CCM cha Tanzania kina katibu wake wa itikadi na uenezi ngazi ya taifa, na huko chini wapo wenezi wa kata na matawi.

Neno hili likivuka kutoka siasa kwenda biashara, hupotea. Kijana anayefungua ofisi ya kuwasaidia watu wafikishe habari zao magazetini, redioni na mitandaoni huandika kibaoni "matangazo", au "masoko", au "mawasiliano". Mteja naye huja na matarajio ya jina alilolisoma. Aliyesoma "matangazo" anataka kujua bei ya nusu dakika redioni na saa ambayo tangazo lake litasikika. Akiambiwa kwamba hakuna awezaye kumhakikishia siku wala saa, anaona ametapeliwa. Nalitetea neno uenezi kwa mapenzi ya lugha, hilo sifichi, lakini zaidi nalitetea kwa sababu jina la kazi huwa ni sehemu ya mkataba wake.

Tuanze na mzizi. Kuenea ni kufika kila upande: maji yameenea shambani, habari zimeenea mjini. Kueneza ni kukifanya kitu kienee, mwenye kufanya hivyo ni mwenezi, na uenezi ni kazi yake. Lakini kuenea kuna maana nyingine ambayo wasemaji wengi wa leo wameanza kuisahau: nguo ikimtosha mtu barabara, imemwenea. Maana hizo mbili zinahitajiana katika biashara hii. Habari inayoenea mji mzima ilhali mwenyewe haikumwenea, inambana huku na kumpwaya kule, imefanyiwa nusu ya kazi.

Mfano wa tofauti kati ya tangazo na uenezi upo Paje, kusini mashariki mwa Unguja. Mwani wa kuuza ulianza kulimwa huko na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi wamekuwa wanawake. Ile aina yenye bei nzuri, inayoitwa kotonii, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyozidi kupata joto. Inayostahimili zaidi, spinosamu, bei yake ni ndogo. Baadhi ya wanawake wakaona kuliko kuuza mwani mkavu kwa kilo, afadhali wausage na kutengeneza sabuni. Sasa tuseme kikundi kimoja cha aina hiyo kimemwendea mtu wetu mwenye ofisi. Akilipia redio isome jina la sabuni, bei yake na mahali inapopatikana, hilo ni tangazo. Nafasi imenunuliwa, na aliyenunua ana haki ya kusema anachotaka ndani yake mradi asivunje sheria. Lakini akimpelekea mhariri habari ya bahari iliyopata joto hadi wakulima wakageuka watengeneza sabuni, mhariri akaona inawafaa wasikilizaji wake, akamtuma mwandishi Paje, mwandishi akauliza maswali yake mwenyewe na pengine akamhoji pia mnunuzi wa mwani asiyekubaliana na wale kina mama, huo ni uenezi. Hapo hakuna nafasi iliyonunuliwa. Mwenye habari amepata kusikika, na kwa kupata hilo ameachia uamuzi wa namna atakavyosikika.

Wapo watakaomjibu mwenezi kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu methali hii, lakini ilitungwa kwa soko ambalo mnunuzi hupita mwenyewe mbele ya bidhaa na kuishika. Sabuni ya mama wa Paje haiwezi kujiuza kwa mtu wa Mwanza ambaye hajui hata kwamba mwani hulimwa. Na habari njema za watu wasio na jamaa katika chumba cha habari hufa kimya kila siku, si kwa sababu ni mbaya.

Tofauti hii ya tangazo na uenezi iligombaniwa tangu biashara yenyewe ilipozaliwa. Kampuni ambayo wanahistoria wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya uenezi ilifunguliwa Boston, Marekani, mwaka 1900. Muda si mrefu akatokea Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa magazeti New York, akaanzisha ofisi na mwenzake George Parker. Mwaka 1906, alipokuwa akiwasemea wenye migodi ya makaa ya mawe wakati wa mzozo na wachimbaji, aliwapelekea wahariri tamko la kanuni zake. Aliwaeleza kwamba kazi yake inafanyika hadharani na kwamba ofisi yake si wakala wa matangazo. Mhariri akiona kilicholetwa kinastahili kwenda kwa watu wa mauzo, asikitumie. Oktoba mwaka huohuo treni ya umeme ilitumbukia majini kutoka darajani karibu na Atlantic City, watu zaidi ya 50 wakafa. Desturi ya makampuni ya reli ilikuwa kuficha ajali. Lee aliishauri kampuni ya reli hiyo iwapeleke waandishi mahali pa tukio, na akatoa maelezo ya maandishi ambayo mara nyingi hutajwa kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari.

Ni habari ya kusifiwa, ila haikuishia hapo. Mwaka 1914, baada ya wachimbaji waliogoma na familia zao kuuawa Ludlow, Colorado, Lee aliajiriwa na akina Rockefeller, matajiri wenye migodi hiyo, na baadhi ya mambo aliyoyaeneza kwa niaba yao yaligundulika kuwa si sahihi. Mtu yuleyule aliyeandika kanuni ndiye aliyeziacha. Anayeanza biashara hii leo na aijue miaka yote miwili, 1906 na 1914.

Kivuli kingine kimetokana na neno jirani, propaganda. Kwa asili ni Kilatini cha kanisa: mwaka 1622 Papa Gregori wa 15 aliunda idara ya kueneza imani, na katika jina la idara hiyo ndimo lilimotoka neno propaganda. Halikuwa tusi. Liliharibika hasa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ambamo serikali ziliitumia propaganda kuwachochea raia wao. Edward Bernays, aliyefanya kazi katika kamati ya propaganda ya Marekani wakati wa vita hivyo, alikiri baadaye kwamba alitafuta jina jingine kwa kuwa lile lilikwisha kuchafuka; ndiyo akaipa nguvu istilahi ambayo sisi tumeitafsiri uhusiano kwa umma, na Kenya wanasema pia uhusiano mwema. Mwaka 1929 Bernays huyohuyo alipanga wanawake wavute sigara hadharani katika maandamano ya Pasaka, New York, wakidai usawa, huku kampuni ya tumbaku iliyomlipa ikiwa haionekani.

Kwa hiyo mtu anaweza kunipinga hapa: uenezi si ndiyo propaganda yenyewe kwa Kiswahili? Kwa mzizi, ndiyo. Lakini matumizi ya Kiswahili yameamua vingine. Kwa uovu ule tumebaki na "propaganda" kama ilivyo, na mwenezi ameendelea kuwa mtu wa heshima katika chama chake. Walio na Kifaransa wana tatizo tofauti: kwao neno la asili moja na "publicity" ni matangazo ya biashara moja kwa moja, hivyo msomaji wa Bukavu au Lubumbashi anaweza kusikia "piblisite" na kufikiria bango la bia. Uenezi humwondolea utata huo.

Mengine yanayopendekezwa hayanisumbui sana. Utangazaji umeshachukuliwa na redio na televisheni. Unadi ni wa mnadani na wa kampeni. Upigaji mbiu ni mzuri sana masikioni, na ile baragumu ya pembe ilifanya kazi hii hasa, ila mpiga mbiu alipeleka amri ya mkubwa kwa watu, na biashara tunayoizungumzia hupeleka sauti ya mtu wa kawaida kwa wengine. Uhusiano kwa umma ni kazi pana inayojumuisha uenezi pamoja na kusikiliza malalamiko, kumshauri mkurugenzi na kutuliza migogoro. Mwenye ofisi ya chumba kimoja asijipe jina hilo kabla hajaweza kuyafanya yote.

Anauza nini, basi? Anauza kazi. Anakaa na mwenye habari, anasikiliza kwa muda mrefu, anatafuta kile waandishi wanachokiita engo, anaandika taarifa fupi yenye jina na namba ya mtu wa kuulizwa, anajua ni mhariri gani wa makala anayependa mambo ya bahari na dedilaini yake ni lini, anamwandaa mteja kwa maswali magumu bila kumfundisha uongo. Mkataba useme hayo: saa, vikao, maandishi, ada ya kila mwezi au ya kazi moja. Usiseme "habari mbili ukurasa wa mbele". Mwenezi anayeahidi hivyo, kama si tapeli, ana bahasha mfukoni. Bahasha hiyo, ambayo mjini huitwa mshiko, ndiyo adui mkubwa wa biashara hii. Ukimlipa mwandishi ili habari itoke, umenunua nafasi kama ya tangazo na kumficha msomaji kwamba imenunuliwa. Nauli ya kufika Paje ni jambo la kulizungumza wazi na mhariri wake. Pesa za kumtilia mwandishi ndani ya daftari lake hazina jina jingine zaidi ya rushwa.

Usajili wenyewe hauna ugumu mkubwa: Tanzania jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutoka TRA, leseni hutolewa kwa sehemu kubwa na halmashauri, Kenya jina husajiliwa kupitia eCitizen. Kigumu ni haki ya mwenye habari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinamhusu mtu anayehifadhi katika kompyuta yake afya, picha na misiba ya wateja. Ridhaa isichukuliwe mara moja kwa mambo yote. Mama aliyekubali kusimulia sabuni hajakubali kusimulia talaka yake, hata kama aliitaja katika mazungumzo na hata kama mhariri angeipenda zaidi.

Hapa uenezi unapaswa pia kutengwa na wasifu. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kilichochapishwa wakati mwimbaji huyo amekwisha kufariki. Wasifu unaweza kungoja, ukapima maisha yote. Uenezi huwahusu watu walio hai, wenye majirani na wadai, na matokeo yake huwafikia mlangoni wiki hiyohiyo. Ndiyo maana kabla taarifa haijatumwa, mwenye habari asomewe yote, sentensi kwa sentensi, kwa lugha anayoielewa, akiwa na ruhusa ya kufuta lolote linalomhusu. Aambiwe pia kwamba baada ya kutumwa, mwenezi hana uwezo wa kuirudisha, na kwamba mhariri ataandika kwa maneno yake. Akisita, habari isubiri, na saa alizofanya kazi mwenezi zilipwe kama mkataba ulivyosema.