Majina Yasiyopakwa Dhahabu

Ukiingia klabu kongwe ya gofu hapa Kenya, utakuta mbao ukutani: majina ya manahodha, mwaka baada ya mwaka, kwa rangi ya dhahabu. Klabu ikitimiza miaka na kutaka kitabu cha kumbukumbu, mwandishi huanzia hapo. Akiongeza kumbukumbu za mikutano na picha za vikombe, anaona kazi imekwisha. Kumbe ndiyo imeanza.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Walowezi wakafuata, na michezo yao pia. Nairobi ilipata klabu yake ya gofu mwaka 1906, ile iliyopewa heshima ya kuitwa Royal mwaka 1935. Zamani hizo uanachama ulikuwa wa Wazungu. Mwafrika aliingia kupitia mlango wa kazi: kukata nyasi, kupika, kubeba mfuko wa fimbo. Hao wabebaji ndio tunawaita makedi.

Kuanzia miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika akienda kazini alivaa kipande shingoni. Ndani yake kulikuwa na jina lake, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Kwa hivyo usiniambie hakuwa na jina. Serikali ilimwandika ili isimpoteze. Ubao wa klabu haukuwa na haja naye.

Mimi ni wa Rhonda, huku chini karibu na ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru. Mtaani kwetu kuna mzee aliyebeba mifuko ya gofu ujanani. Nilimpelekea picha ya zamani ya klabu moja: nahodha, kikombe, tabasamu. Kando kabisa, bega la mtu na nusu ya uso. Maelezo ya picha yalimtaja nahodha peke yake.

Mzee hakumtazama nahodha. Kidole kilienda moja kwa moja ukingoni.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu alikuwa anasoma upepo kuliko hao wote. Yeye ndiye alikuwa anawaambia wachukue fimbo gani."

Akamtaja jina. Kisha akataja wengine wawili ambao hata picha haikuwafikia.

Kijana mwenzangu, ukipewa kazi ya kitabu kama hicho, chukua picha zote, panda matatu ya Rhonda, na uende haraka. Mbao zitangoja. Wazee hawatangoja.