Kisanduku Kinachouliza Nani Anatazama

Ukiwasha kisanduku cha kutazamia filamu za mtandaoni na kufungua Netflix, kabla hujaona lolote unaulizwa swali: nani anatazama? Chini yake vimejipanga vikaragosi, visizidi vitano, kila kimoja na jina lake, nawe sharti uchague kimoja. Ukurasa huo uliletwa Agosti 2013, na huduma nyingine nazo zina wa namna hiyo. Biashara yake inaeleweka. Mashine inataka kumjua mtu mmoja mmoja, anapenda nini na ameachia wapi, ili kesho imtegee kingine cha kumnasa. Lakini ndani ya swali mna mila pia, na mila hiyo haikuota kila mahali. Katika sebule nyingi ninazozijua jibu la kweli ni "sisi", na kikaragosi cha "sisi" hakipo.

Sitaki kusema kwamba Wazungu ni wapweke na sisi ni wajamaa. Hoja hiyo imechoka, na ukiichunguza haisimami. Ninachosema ni kwamba kila jamii ilipoipokea televisheni iliamua, mara nyingi bila kukaa kikao, mtazamaji ni nani na nafasi yake iko wapi. Kisanduku kimetufikia kikiwa na uamuzi wa jamii moja ulioandikwa tayari ndani ya programu.

Jamii hiyo ni Marekani, na kero iliyokizaa ni ya huko. Kwa miongo kadhaa familia za Kimarekani zililipia televisheni ya waya: furushi la chaneli tele ambazo nyingi hakuna aliyezitazama, na bili iliyopanda mwaka hadi mwaka. Netflix, waliokuwa wakituma DVD kwa posta tangu 1998, walianza kurusha filamu kwa intaneti mwaka 2007. Filamu zilionekana kwenye kompyuta, wakati sofa iko sebuleni. Anthony Wood akatengenezea kisanduku cha kuziba pengo hilo humohumo ndani ya Netflix. Kampuni ikaingiwa na wasiwasi kwamba ikiuza kifaa chake yenyewe itagombana na watengenezaji wa vifaa iliotaka washirikiane nayo, basi kikatolewa nje na kuuzwa na Roku, kampuni ya Wood, Mei 2008 kwa dola zisizofika 100. Mwaka 2013 Google wakaleta Chromecast, stiki ya kuchomeka nyuma ya televisheni, kwa dola 35. Wakati huo nyumba nyingi za Marekani zilishakuwa na televisheni zaidi ya moja, ya sebuleni na za vyumbani. Watu walikuwa wametawanyika kabla kisanduku hakijaja. Chenyewe kiliwapa majina tu.

Japani walianzia barabarani. NHK, shirika la utangazaji la umma, ilirusha matangazo yake ya kwanza ya televisheni Februari 1953, na Agosti mwaka huohuo ikafuata NTV, kituo binafsi cha Matsutaro Shoriki. Bei ya seti ilimshinda mfanyakazi wa kawaida, na Shoriki aliishi kwa matangazo ya biashara, ambayo hayana faida pasipo macho. Akaziweka televisheni hadharani, viwanjani na mbele ya stesheni za treni. Februari 1954, Rikidozan alipopambana kwa mieleka na ndugu wawili Sharpe kutoka ng'ambo, uwanja wa stesheni ya Shimbashi jijini Tokyo ulifurika. Seti haikuwa ya yeyote kati yao. Aliyewahi alisimama mbele, na hiyo ndiyo tofauti pekee iliyokuwepo kati ya mtazamaji na mtazamaji. Hali hiyo haikudumu. Harusi ya mwanamfalme Akihito, Aprili 1959, iliwasukuma watu wengi kununua seti zao, na umati ukarudi majumbani.

India walifanya kitu cha tatu. Kuanzia Januari 1987 hadi Julai 1988, kila Jumapili asubuhi, Doordarshan, televisheni ya serikali, ilirusha Ramayan ya Ramanand Sagar, tamthilia ya utenzi mtakatifu wa Kihindu, vipindi 78. Seti ilikuwa ndani ya nyumba ya mtu mwenye uwezo, lakini saa ile ikifika nyumba ilikuwa ya mtaa mzima. Habari za wakati huo zilieleza watu waliooga kwanza, waliovua viatu mlangoni, walioivisha televisheni shada la maua na kuifukizia udi. Ukiwauliza wale nani anatazama, nadhani wangekuonea huruma. Tena Machi 2020, nchi ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, Doordarshan iliirudia tamthilia hiyohiyo kwa saa maalumu, na mamilioni wakakaa mbele ya kioo wakati mmoja, kila familia kwake. Hawakuambiwa wachague wakati wautakao.

Kwetu historia imekwenda kwa kurukaruka. Kenya ilipata televisheni 1962 na Uganda 1963. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipofunguliwa. Kwa hiyo mtoto wa Unguja alimtangulia mwenzake wa Dar es Salaam kwa takriban miaka ishirini, jambo ambalo Wazanzibari hawajaacha kutukumbusha. Unguja televisheni iliingia pia barazani. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, penye kahawa, dhumna na siasa isiyolala, watu hutazama mpira na filamu wakiwa nje, na jina lenyewe inasemekana lilitokana na ile filamu ya papa. Bara tulifikiwa na deki ya video kabla ya kituo cha televisheni, na deki ndiyo iliyozaa banda.

Aliyewahi kuingia kibanda umiza hahitaji kuelezwa, ila vijana wa siku hizi pengine. Ubao nje umeandikwa kwa chaki filamu za leo na saa zake. Mlangoni ni turubai, ndani mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, joto, jasho, na spika iliyopasuka sauti. Tena kulikuwa na mtu wa kutafsiri. Huyu ndiye aliyeyatofautisha mabanda yetu na sinema za kwingine kwingi, ingawa kuna mahali palipofanana, nitakapofika sasa hivi. Dar es Salaam aliyevuma ni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye sauti yake ilisafiri kwenye kanda hadi mikoani. Kenya wana DJ Afro. Kampala wana VJ Jingo na wenzake, kwa Kiganda. Kazi yao haikuwa kutafsiri neno kwa neno. Mpiganaji wa Hong Kong alipewa jina la mtaani, jambazi akatukanwa kwa niaba ya watazamaji, na penye mapenzi marefu mtafsiri alisema wazi kwamba hapa mkurugenzi anatupotezea muda.

Mahali pamoja palipofanana na hapo ni Japani tena. Enzi za filamu zisizo na sauti, kando ya kioo alisimama benshi, akieleza kisa na kuwasemea wahusika wote, wake kwa waume. Watu walikwenda kumsikiliza benshi fulani kama vile walivyokwenda kuiona filamu. Filamu za sauti zilipoingia, kibarua kiliota nyasi. Mwaka 1932 mabenshi wakagoma, na mmoja wa waliokuwa mbele katika mgomo huo alikuwa Heigo, kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, aliyejiua mwaka uliofuata.

Kufanana huko kusitupumbaze. Benshi alijaza ukimya. Filamu ilimhitaji, kwa kuwa yenyewe ilikuwa bubu, na alifanya kazi akiwa na leseni, kwani mamlaka za Tokyo ziliwawekea utaratibu huo tangu 1917. Mtafsiri wetu aliikuta filamu ina sauti yake, akaizima au kuifunika, akakalia kiti cha mwenyewe. Hakuwa na leseni wala haki ya kunakili, na wenye filamu huko Hong Kong na Bombay hawakupata senti. Huo ni wizi, tusiupambe. Lakini kisanaa alikuwa mbele ya benshi kwa jambo moja: alikuwa mhakiki. Aliicheka filamu huku akiiuza. Mtazamaji wa bandani alipewa kisa na maoni juu ya kisa kwa kiingilio kimoja.

Kisanduku kimeleta tafsiri safi zaidi. Unabonyeza rimoti, unachagua lugha ya sauti na ya maandishi, na maandishi yanapita chini ya kioo bila kumsuta mtu. Televisheni zetu nazo zilishaanza kutia sauti za Kiswahili kwa ustadi. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Baadaye zikaja za Kituruki. Ni kazi nzuri, na waigizaji wa sauti wanastahili malipo bora na majina yao kuandikwa. Hata hivyo katika yote hayo hakuna anayesema, "Huyu mama mkwe namjua, yuko Magomeni."

Sauti hiyo imejipenyeza mtandaoni kwa njia yake. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza "Who Killed Captain Alex?" kwa fedha kidogo mno. Filamu hiyo iko YouTube, na ndani yake mna VJ Emmie anayepayuka mwanzo hadi mwisho, akiwasifu wapiganaji na kuahidi vita zaidi. Watu wa Ulaya na Marekani, wakiwa peke yao na kikaragosi chao, walionja banda bila kupanda ndege. Mimi naihesabu kuwa ndiyo filamu iliyokielewa kisanduku kuliko nyingi zilizotengenezwa kwa ajili yake.

Sasa tuingie ndani ya nyumba ya Dar. Kisanduku chenyewe mara nyingi ni cha Android, kimenunuliwa Kariakoo, kina kaantena pembeni na taa ya buluu. Kwa kuwa hakina kibali cha kampuni zenye filamu, Netflix hukipa picha hafifu hata kama televisheni ni ya inchi 55, na mwenye nyumba humlaumu fundi bure. (Mwaka 2023 watafiti wa usalama walionyesha kwamba baadhi ya visanduku vya bei rahisi, aina ya T95 ikiwamo, hutoka vikiwa tayari na programu hasidi ndani. Ukiona bei imeshuka mno, uliza kwa nini.) Halafu kuna bando. Netflix wenyewe wanakadiria kwamba saa moja ya picha ya HD hula hadi GB 3, hivyo filamu ya saa mbili ni hadi GB 6. Aliyeunganisha kwa simu ya mama anajua bando hukata pale hasa muuaji anapogeuza uso.

Basi watu wamegundua tundu la USB. Kijana anapeleka flashi kwenye duka la muvi, anajaziwa msimu mzima, mara nyingi zile za kutafsiriwa, anarudi na kuichomeka ubavuni mwa kisanduku. Kifaa kilichobuniwa ili watu waachane na kanda na diski kimegeuzwa kuwa deki. Na ukipitia njia ya flashi, huulizwi nani anatazama. Orodha ya mafaili inafunguka, mtoto anashika rimoti, shangazi anasema "hiyo tumeshaiona", jirani anavuta kigoda. Hata palipo na intaneti ya kulipia kwa mwezi, mara nyingi kikaragosi kinachotumika ni kimoja tu, cha Baba, na mashine imebaki ikiamini kwamba yupo mwanamume mmoja apendaye katuni asubuhi, mahubiri mchana, mapenzi ya Kikorea jioni na mauaji usiku.

Ughaibuni mambo yamepinduka. Familia ya Kitanzania iliyoko Minneapolis haikununua kisanduku ili iikimbie saa ya matangazo, imekinunua iipate. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku Dar es Salaam, ikitazamwa moja kwa moja, huwakuta huko saa sita mchana wakati wa majira ya joto, na ni saa tano majira ya baridi. Wangeweza kuitazama jioni wakitoka kazini. Wapo wanaoiwasha mchana huohuo, simu ikiwa mkononi, kwa sababu mama aliyeko Tanga anaitazama dakika ileile na atapiga kuuliza, "Umemsikia waziri?"

Mei 2023, katika Marekani na nchi nyingine nyingi, Netflix walianza kubana wanaotumia akaunti moja katika nyumba mbalimbali. Nyumba, kwa kanuni yao, ni vifaa vinavyotumia intaneti moja mahali pamoja. Anayetaka kumwongeza mtu wa nje hulipia zaidi, na mtu huyo sharti awe katika nchi ileile. Dada aliyeko Leicester anamlipia mdogo wake karo ya chuo Tanga, anamnunulia mama dawa, na ameezeka bati la nyumba wanamoishi wote wawili. Fomu ya akaunti haina mahali pa kulieleza hilo, na mdogo wake amesharudi kwenye flashi.